Mpira Uliolala kwa Zamu: Kumkumbuka Mwalimu Wetu

Mazungumzo ya amani yaliyosomwa redioni kwa wakaaji wa Masisi na Walikale. Tumeyachapa kwa ajili ya wale wasio na redio. Anayejua kusoma awasomee wenzake.



Leo nilikuwa nimetayarisha somo jingine juu ya haki za mwananchi. Nimeliweka kando kwa sababu tuna msiba. Mwalimu mmoja mzee, aliyekwisha kustaafu, amefariki. Alifundisha shule ya msingi huku milimani Masisi kwa zaidi ya miaka 30, na kila Jumamosi aliwafundisha watoto mpira wa miguu. Amefariki akiwa mkimbizi wa ndani, akazikwa mbali na kijiji chake.

Jina lake silitaji redioni. Watu wake bado wametawanyika, na siku hizi jina la mtu laweza kutumiwa vibaya. Aliyekuwa mwanafunzi wake atamtambua kabla sijamaliza. Na wewe ambaye hukumjua, naamini kijijini kwako alikuwako mmoja kama yeye. Mfikirie huyo wakati ukinisikiliza.

Nianze na swali nililoletewa. Habari za kifo zilipofika, mtu mmoja tuliyesoma pamoja alinipigia simu. Miaka mingi ilikuwa imepita bila sisi kusemezana. Yeye si wa kabila la marehemu. Mimi pia si wa kabila la marehemu. Wala yeye na mimi hatuko wa kabila moja. Aliniuliza kama anaweza kwenda kwenye matanga bila kufukuzwa. Alisema: ndugu zangu wataniuliza ninamlilia mtu wa upande ule kwa nini, na watu wa upande ule wataniuliza nimetumwa na nani.

Ndugu msikilizaji, mtu mzima, baba wa watoto, anaogopa kumlilia mwalimu aliyemfundisha kusoma na kuandika. Tumefika mahali ambapo hata machozi yanaulizwa kabila lake. Ndiyo sababu ninasema nanyi leo.

ALIVYOKUWA

Mwalimu wetu hakuwa mtu mkubwa wa serikali. Hakuwa na gari. Kwa muda mrefu hakuwa hata na baiskeli, alipanda na kushuka milima kwa miguu. Alianza kazi wakati nchi ikiitwa Zaire. Aliona serikali ikizichukua shule za makanisa mwaka 1974, kisha ikizirudisha mikononi mwa makanisa mwaka 1977. Aliona maofisa wakija na kuondoka. Yeye alibaki na chaki yake.

Wazazi mnaikumbuka miaka ya 1990, mishahara ya walimu ilipokosekana na wazazi wakaanza kuwalipa walimu wenyewe. Mwalimu alipokea alicholetewa: maharage, viazi, maziwa, kuku. Kwa mzazi asiye na kitu alipokea kazi ya mikono. Baba mmoja alilipia masomo ya binti yake kwa kusawazisha kiwanja kwa jembe, wiki mbili. Sikumbuki mtoto aliyefukuzwa darasani kwetu kwa sababu ya ukosefu wa pesa. Serikali ilipotangaza mwaka 2019 kwamba masomo ya msingi katika shule za serikali ni bure, sisi wanafunzi wake wa zamani tuliambiana kwamba mwalimu wetu aliianza sheria hiyo zamani.

Katika kitabu chake cha mahudhurio walikuwamo Wahunde, Wahutu, Watutsi, Wanyanga, Watembo na Watwa. Alituita kwa majina yetu na ya baba zetu. Kabila hakuliandika, kwa kuwa alisema daftari halina nafasi ya kutosha kwa mambo yasiyosaidia hesabu.

KIWANJA CHA MTEREMKO

Mnaoijua Masisi mnajua kwamba mahali tambarare ni pachache. Kiwanja chetu kilikuwa ubavuni mwa mlima. Hata baada ya jembe la yule baba, upande mmoja ulikuwa juu, upande wa pili chini. Milingoti ya goli ilikuwa ya mikaratusi. Mpira ulikuwa wa mifuko ya plastiki na majani makavu ya migomba, umefungwa kwa kamba. Ule wa ngozi tuliupata mara mbili tu katika miaka yote niliyokuwa pale.

Timu iliyocheza ikishuka ilipata magoli mengi, na watoto wake walianza kujisifu. Mwalimu aliwaacha wajisifu. Kipindi cha kwanza kikiisha alipuliza firimbi, watu wakabadilisha upande, na walioshuka wakaanza kupanda. Ndipo alipotuambia kwamba mtu akicheza akishuka asiwatukane wanaopanda, kwa maana kipindi kina mwisho. Sisi watoto tulifikiri anazungumza juu ya mpira. Leo, nikiangalia jinsi nguvu ilivyohama kutoka mkono mmoja kwenda mkono mwingine katika nchi yetu, naona alisema nasi mambo ya ukubwani.

Tena alikuwa na sheria tatu, nami naomba mzishike vizuri kwa sababu nitazirudia mwishoni.

Sheria ya kwanza: timu zilichaguliwa kwa kura. Aliweka vijiti virefu na vifupi mkononi, kila mtoto akachomoa. Hapakuwa na timu ya kilima hiki dhidi ya kilima kile. Alijua kwamba huku kwetu kila kilima kina watu wake, na ukipanga mechi ya kilima na kilima umepanga mechi ya kabila na kabila. Ukiipanga hivyo, goli moja la mabishano laweza kuwatoa wazee na mapanga.

Sheria ya pili: mpira ukiporomoka bondeni, walioufuata walikuwa wawili, mmoja wa kila timu. Walishuka pamoja na kurudi pamoja, na njiani walilazimika kusemezana.

Sheria ya tatu ndiyo iliyotushangaza zaidi. Mpira haukuwa wa mwalimu wala wa shule. Mpira ulilala kwa zamu. Wiki hii ulilala nyumbani kwa mtoto wa jamii hii, wiki ijayo nyumbani kwa mtoto wa jamii ile. Jumamosi asubuhi watoto wawili wa jamii nyingine walitumwa kwenda kuuchukua. Walipaswa kupiga hodi, kuingia uani, kumsalimu baba na mama, na kusubiri. Mama hawezi kuwaacha watoto wa watu wasimame uani bila kuwapa kitu. Aliwapa kiazi cha kuchemsha au maziwa. Hivyo, mwaka ukiisha, kila mtoto alikuwa amekula katika nyumba za watu ambao nyumbani kwake walizungumziwa kwa sauti ya chini.

Mara moja alituongoza kwa miguu kutoka kwenye malisho ya ng'ombe kushuka mpaka msitu unapoanza, upande wa Walikale. Wengine wetu hatukuwahi kuona msitu mkubwa namna ile. Wenyeji walitupikia sombe na ndizi. Siku ile pia alipiga kura ya vijiti, akachanganya wageni na wenyeji. Wakati wa kurudi alituonyesha njia tuliyopita. Maharage, viazi na jibini hushuka kwa njia hiyo, mawese hupanda kwa njia hiyo hiyo. Siku njia inapofungwa, chungu cha Masisi hukosa mafuta na chungu cha Walikale hukosa maharage.

KOSA LANGU

Sasa nitaeleza kosa nililolifanya mimi mwenyewe. Nilikuwa darasa la tano. Usiku mmoja ng'ombe wa jamaa zetu waliibiwa, na mjomba wangu akapigwa risasi mguuni. Kulipopambazuka maneno yalikuwa yamekwisha kuenea: ni watu wa kilima kile. Nani aliwaona? Hakuna. Lakini kila aliyesimulia aliongeza kidogo, na kufikia saa sita mchana walikuwa na majina.

Wiki ile mpira ulikuwa umelala kwetu. Jumamosi wavulana wawili wa kilima kile walikuja kuuchukua. Walipiga hodi. Nilitoka nikawaambia hapa hakuna mpira, rudini kwenu. Nilikuwa nimeuficha chini ya majani ya kulalia mbuzi. Waliangaliana, wakaondoka bila neno. Nilijiona mwanaume.

Alasiri mwalimu alifika. Hakunigombeza. Alimpa baba yangu pole ya ng'ombe na pole ya mjomba, akaomba aonyeshwe kidonda, akakaa na mgonjwa kwa muda mrefu. Alipotoka alimwomba baba ruhusa: Jumamosi ijayo watoto wote waje wakae hapa uani, kwa kuwa nyumba yenye mgonjwa haiachwi peke yake. Baba alisita. Baadaye akakubali, kwa sababu si rahisi kumkatalia mtu aliyekuja kumpa pole mgonjwa wako.

Walikuja wote, wa kila kilima, na wale wawili walikuwa kati yao. Kila mmoja alileta kitu kidogo: kuni, yai, kiazi. Walikaa kwenye nyasi. Hakuna aliyezungumza juu ya mpira. Mjomba alitolewa nje, akalazwa kwenye mkeka juani, akawaangalia. Nilivumilia muda mfupi, kisha machozi yakanijia. Nilienda kwenye zizi la mbuzi, nikaufukua mpira, nikauweka mbele ya wale wawili. Mjomba ndiye aliyecheka kwanza. Akasema huo mpira unanuka mbuzi.

Mpaka leo hatujui ni nani aliyechukua wale ng'ombe. Tunajua tu kwamba si wale watoto wawili. Na mmoja wa wale wawili ndiye aliyenipigia simu juzi, akiniuliza kama anaruhusiwa kumlilia mwalimu.

MPIRA PEKE YAKE HAUZUII VITA

Ndugu wasikilizaji, sitaki kuwadanganya. Wengine watasema: huyu anatuletea hadithi za watoto, na sisi tumezika watu. Wana haki ya kusema hivyo.

Mwalimu mwenyewe alijua. Tarehe 20 Machi 1993 watu walishambuliwa sokoni Ntoto, katika Walikale, na moto ule ukapanda mpaka Masisi. Maelfu walikufa. Waliohama wanakadiriwa kuwa zaidi ya laki mbili. Mimi nilikuwa mtoto mchanga mgongoni mwa mama. Vijana aliokuwa amewafundisha mpira walikuwako katika vita hivyo, kila upande. Wengine waliuawa, na wengine, yeye mwenyewe alikiri kwa uchungu, waliua. Kabla ya mwaka ule watoto wake walicheza pamoja, lakini timu zilipangwa kwa vilima na mpira ulilala shuleni. Baada ya vita alijiuliza alikosea wapi. Ndipo alipoanzisha kura ya vijiti na mpira wa kulala kwa zamu. Aliona kwamba watoto walikuwa wamejuana kiwanjani, lakini nyumba zao hazikuwa zimejuana. Sheria zile tatu zilizaliwa katika huzuni yake.

Niwapeleke kidogo nchi ya Kenya, mpate kuona kwamba jambo hili si letu peke yetu. Mwaka 1976 mtawa mmoja kutoka Ireland, Bruda Colm O'Connell, alifika Iten, katika milima ya Bonde la Ufa, kufundisha jiografia katika shule ya sekondari ya St. Patrick's. Hakuwa amesomea kufundisha riadha. Alijifunza kwa kuwaangalia wanafunzi wake wakikimbia. Peter Rono, aliyepita katika shule hiyo, alipata medali ya dhahabu ya mita 1500 katika Olimpiki ya Seoul mwaka 1988. David Rudisha, mtoto wa Kimasai aliyelelewa kimichezo na mwalimu Mwairishi katika nchi ya Wakalenjin, alishinda mita 800 mjini London mwaka 2012 kwa dakika 1 na sekunde 40.91, akavunja rekodi ya dunia. Hayo yote yalianza kwa mwalimu wa kawaida aliyekaa mahali pamoja na watoto wa watu.

Lakini eneo hilo hilo la Bonde la Ufa liliwaka moto baada ya uchaguzi wa Desemba 2007. Katika nchi nzima watu zaidi ya 1,100 waliuawa. Mmoja wao alikuwa Lucas Sang, mkimbiaji aliyeiwakilisha Kenya katika Olimpiki ya Seoul. Aliuawa karibu na Eldoret, si mbali na Iten. Medali haikumkinga. Nchi yenye wanamichezo mashujaa ilikosa bado majirani wa kutosha wanaoingia katika nyumba za wenzao.

Kwa hiyo nasema wazi: mpira hauzuii vita. Vita vyetu vina mizizi mingine: ardhi, madaraka, madini, bunduki zinazotoka mbali, na watu wanaofaidika tunapogombana. Mambo hayo yanadai mikataba, mahakama na serikali inayofanya kazi yake. Lakini mkataba ukisainiwa mjini lazima ushuke mlimani, na mlimani haukai hewani, unakaa katika nyumba za watu. Mwishoni mwa 1993 na mwanzoni mwa 1994 viongozi wa makanisa, wa raia na wa mila walikaa pamoja wakazungumza, na utulivu ukaanza kurudi. Halafu Julai 1994 wakimbizi wengi mno walivuka kutoka Rwanda, na mwaka 1996 vita vingine vikaanza. Mazungumzo yale hayakupewa muda wa kuota mizizi. Tusiseme kwamba mazungumzo hayafai kitu. Tuseme yalikatwa yakiwa machanga.

Mwaka 2025 tuliona tena. Mwezi wa Januari vita vilifika Masisi-centre, Sake na Goma. Mwezi wa Machi vilifika Walikale. Kambi nyingi za pembeni mwa Goma zilivunjwa mwezi wa Februari, na watu waliokuwa wamejificha kutoka vita vya jana wakapaswa kutafuta njia upya. Mwalimu wetu alikuwa mmoja wa watu waliobeba mikeka kichwani, mzee wa kutembea kwa fimbo. Walioondoka pamoja naye wanasema alibeba mambo matatu: Biblia, firimbi, na kitabu cha zamani cha mahudhurio.

SHERIA INASEMAJE

Kwa kuwa nimesomea sheria, niruhusuni niseme maneno machache ya sheria, halafu nirudi kwenye msiba.

Katiba yetu ya tarehe 18 Februari 2006, kifungu cha 51, inasema kwamba serikali ina wajibu wa kuhakikisha na kuendeleza maisha ya pamoja, ya amani na maelewano, kati ya makabila yote ya nchi. Kifungu cha 43 kinasema masomo ya msingi katika shule za serikali ni ya lazima na ni bure. Hakisemi isipokuwa kwa mtoto wa kambini.

Sheria ya tarehe 10 Januari 2009 juu ya ulinzi wa mtoto inakataza, katika kifungu cha 71, kumwingiza mtoto katika jeshi, katika polisi au katika kundi lolote la silaha. Kifungu cha 187 kinamhukumu anayefanya hivyo kifungo cha miaka 10 mpaka 20. Mtoto ni yeyote asiyetimiza miaka 18, hata kama ana ndevu, hata kama amekuja mwenyewe, hata kama baba yake amekubali. Na Mkataba wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, ambao nchi yetu iliuridhia mwaka 1990, unasema katika kifungu cha 31 kwamba mtoto ana haki ya kupumzika na kucheza. Mchezo si anasa ya watoto wa mjini.

Tena mwaka 2016 nchi yetu iliunga mkono Azimio la Shule Salama, yaani kutotumia shule kwa kazi za vita. Kiwanja cha shule ni sehemu ya shule. Wewe mwenye silaha unayenisikia, nawe ulicheza mahali fulani ukiwa mtoto. Waachie watoto mahali hapo.

TUNAMLILIA VIPI?

Sasa nimjibu yule rafiki yangu, na kwa kumjibu yeye nawajibu wote.

Ndiyo, unaruhusiwa kumlilia. Mwalimu si wa ukoo mmoja. Aliyekushika mkono ukaandika jina lako kwa mara ya kwanza, huyo ni mzazi wako. Katika mila zetu zote, za Masisi na za Walikale, mtoto hafukuzwi kwenye matanga ya mzazi.

Nimezungumza kwa simu na mjane wake, na wazee wa ukoo wake wamekubali. Basi nawaomba mambo manne.

La kwanza, familia mlizohamishwa. Jumamosi ya mwisho wa mwezi huu, kila mahali walipo wanafunzi wake, kambini au kijijini, kaeni matanga pamoja. Si lazima mtu avuke njia ya hatari kwenda mbali. Kaa na aliye karibu nawe, lakini mwalike mmoja asiye wa kabila lako. Akija, mpeni nafasi kwenye mkeka, mpeni chakula mlicho nacho. Hata kama ni kiazi kimoja, kikateni.

La pili, vijana. Siku hiyo tengenezeni mpira, hata wa mifuko na majani. Pigeni kura ya vijiti, msicheze kabila na kabila wala kambi na wenyeji. Wasichana wachomoe vijiti kama wavulana. Jioni mpira ukalale nyumbani kwa mtoto wa jamii nyingine, na Jumamosi inayofuata muufuate kwa hodi na kwa heshima. Fanyeni hivyo kwa miezi mitatu, kisha mniandikie mmeona nini.

La tatu, mashefu wa lokalite na wa grupema, bami, wachungaji, mapadri, maimamu na wakubwa wa kambi. Ninyi mtafuteni mahali pa kuchezea, mpalinde. Penye wakimbizi na wenyeji pana ugomvi wa kuni, wa maji na wa ardhi. Msingoje ugomvi ukomae. Wazazi watakapokuja kuangalia watoto wao, kaeni nao pembeni ya kiwanja, zungumzeni juu ya kuni na maji hapo hapo, wakati mioyo imetulia. Na mkisikia uvumi, ulizeni kama mahakama inavyouliza: nani aliona, aliona nini, wapi, saa ngapi? Uvumi usio na shahidi msiufikishe mbali.

La nne, ni la wote, lakini hasa viongozi. Mwalimu huyu ameacha mjane. Walimu wengi wamezeeka na kufa bila kuona matunda ya kazi yao. Tusaidie wajane wao kupata karatasi: cheti cha kifo kutoka kwa ofisa wa hali ya raia, cheti cha ndoa, barua ya kuajiriwa kama ipo. Karatasi zilizoungua au kupotea njiani zaweza kuombwa tena, na mashahidi wanahitajika. Wewe uliyefundishwa na marehemu unaweza kuwa shahidi. Kumsindikiza mjane mpaka ofisini ni kilio kinachosaidia.

Ndugu msikilizaji, wakati mwalimu alipostaafu tulimfanyia sherehe ndogo kiwanjani. Kila mmoja alitegemea atapewa hotuba ndefu. Alitoa kitabu cha mahudhurio, akaita majina ya darasa letu, mmoja mmoja, kama zamani. Tulijibu: nipo. Kwa wale waliokufa vitani alinyamaza kidogo, kisha akaendelea na jina lililofuata. Hakusema nani aliuawa na nani. Wote walikuwa wa darasa lake.

Jumamosi hiyo, mtakapokaa matanga, aiteni orodha yenu. Mtoto wa kilima hiki: nipo. Mtoto wa kilima kile: nipo. Aliye mbali: atarudi. Aliyekufa: tunamkumbuka. Na wewe rafiki yangu uliyenipigia simu, mkeka upo. Mimi nitakuja kwako asubuhi na mapema, nipige hodi, nikusubiri uani.

Mwalimu apumzike kwa amani, na udongo uliompokea ugenini usiwe mzito kwake. Kwaherini, tuonane wiki ijayo, Mungu akipenda.